Nimepulizia GX100 nyumbani, klia imekaa kama ganda la chungwa. Nianze na msasa namba ngapi?

chuma_cha_mbezi

Habari za jioni wakuu. Nina Toyota Mark II GX100 ya mwaka 1998 naijenga taratibu hapa nyumbani Mbezi, fenda za nyuma zimepanuliwa kwa faibaglasi, bampa la mbele la kutengeneza, boneti imetobolewa tundu la hewa, yaani ukiiona tu unajua haikutoka Japani hivi. Rangi nimepulizia mwenyewe uani, nikazungusha maturubai na kumwagia maji chini vumbi litulie, kompresa nilikodi. Besi, yaani rangi yenyewe, ni kijivu metaliki, juu yake klia (ile ya juu inayopitisha mwanga) ya tuki, yaani 2K ya kuchanganya na hadina ya kukazia, mikono mitatu. Besi imekaa safi kabisa haina mabaka. Shida iko kwenye klia, ukisimama mbali gari inawaka ila ukisogea ukaangalia taa ya barazani inavyojionyesha kwenye boneti unaona mwanga umevunjikavunjika, uso wote una vijishimo vya ganda la chungwa, alafu kuna vumbivumbi limenasa, na mlango wa dereva chini ya kitasa klia imelia, yaani imechuruzika ikagandia hapo, chozi lina urefu wa kidole.

Imeshakauka, wiki imepita sasa. Nataka niipige msasa wa maji niisawazishe alafu niing'arishe, na nataka nifanye mwenyewe mpaka mwisho maana kila kitu kwenye hii gari kimepita mkononi kwangu. Sasa nianze na namba ngapi? Mtaani mmoja ananiambia 800, mwingine anasema 2000 moja kwa moja. Jirani ana grainda anasema ukiifunga pedi ya sufu inafanya kazi ileile ya mashine ya polishi, ni kweli? Na lile chozi nalitoaje, na nta napaka lini? Wajuzi naombeni msaada kabla sijagusa.

fundi_puti

Mkuu hongera kwa kazi, besi metaliki kukaa bila mabaka uani siyo kitu kidogo, wengi inawashinda hapohapo.

Kwanza kabisa mrudishie jirani grainda yake. Grainda ndogo ya kukatia vyuma inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Mashine ya polishi inaanzia 600 hivi na kazi ya kukata unaifanya kwenye 1,200 mpaka 1,500, ukizidi sana 2,000. Piga hesabu mwenyewe. Kwa kasi ya grainda sufu inachemsha klia kabla hujajua kinachoendelea, klia inalainika inavutwa na ukija kutoa mkono unaona praima, ile rangi ya chini kabisa. Magari ya hivyo yanaletwa sana gereji, boneti ina duara limeungua katikati, mwenyewe anauliza kama polishi itaficha. Haifichi mkuu, hapo ni kupulizia boneti nzima upya.

Pili, kabla ya kuulizia namba ya msasa jua una klia kiasi gani. Mikono miwili ya klia ya tuki ikikauka inakupa kama maikroni 50 mpaka 60, mitatu labda 70 mpaka 90 inategemea ulivyoichanganya na mkono wako ulivyokuwa unakwenda. Karatasi moja ya A4 ya kuprinti ni kama maikroni 100. Kwa hiyo klia yako yote hiyo haifiki hata unene wa karatasi, na ndiyo inayoizuia besi isiliwe na jua la Dar. Msasa unakula humohumo, kompaundi, ile dawa ya kung'arishia, inakula humohumo, na mwakani ukitaka kuing'arisha tena utakula humohumo. Ndiyo maana nawaambia vijana kila siku, usifukuze kila kijishimo. Uso ukishakuwa umelala, vikibaki viwili vitatu vya ndani sana viache, hakuna atakayeviona zaidi yako.

Namba sasa, na jua namba ikipanda msasa unakuwa laini zaidi. Anza na 1500, malizia vumbi na ganda hapo, alafu 2000, alafu 3000 kama unaipata. 800 ni ya kuandaa uso unaotaka kupulizia tena, mikwaruzo yake inakwenda chini sana, mpaka uje kuifuta yote kwa kompaundi klia imeisha. Na 2000 moja kwa moja kwenye ganda la chungwa haisawazishi, inapita juu ya vilima na mabonde inayalainisha vilevile yalivyo, utachoka mkono na ganda liko palepale. Kuna wanaoanza na 1200, mimi ningeigusa tu sehemu yenye ganda zito kweli.

Msasa uloweke kwenye ndoo kabla, tia tone la sabuni ya vyombo. Tumia bloku ya raba, usitumie vidole hata kama fundi wa mtaani anatumia. Vidole vinachimba mifereji, kwenye kivuli huioni, siku ukiitoa juani baada ya polishi ndo inajionyesha yote. Usikandamize, uzito wa mkono wenyewe unatosha. 1500 piga kwa kwenda mbele na nyuma ya gari, 2000 piga kwa kukatiza, hivyo utajua lini mikwaruzo ya 1500 imeisha, ukiona bado kuna mstari wa kwenda mbele hujamaliza. Kila baada ya muda kidogo vuta maji kwa ile raba ya kufutia vioo uangalie, palipolala panakuwa hafifu hapana mng'ao, vijishimo vinabaki vinametameta. Vikiwa vidogo vidogo na vimetawanyika acha, hamia kwenye 2000.

Na maji yanayotoka yaangalie muda wote. Yakiwa meupe unakula klia. Yakianza kuwa kijivu umefika kwenye besi, simama hapohapo, maana besi metaliki haing'arishwi, ukiigusa chembe zake zinakatika unapata doa ambalo dawa yake ni kupulizia tena.

dxmazda_nrb

Boss salamu kutoka Nairobi. Naheshimu fundi hapo juu lakini kuna njia ingine hajaitaja na vijana wengi wa magari ya maonyesho huku ndio hutumia. Kama hiyo ganda ni nzito usihangaike kuimaliza kwa 1500, piga 800 kwa bloku gari yote ilale kabisa, osha, kausha, safisha mafuta, halafu puliza klia tena mikono mbili. Hiyo klia ya pili inakaa kwa uso umenyooka so inatoka kama kioo, na hapo msasa unakuwa wa kutoa vumbi tu. Unakuwa na klia ya kutosha hata ukipolish kila mwaka. Ni gharama ya klia ingine na siku ingine ya kupuliza, lakini kwa gari ya custom si ndio maana unafanya mwenyewe?

fundi_puti

@dxmazda_nrb hiyo njia ni nzuri na gereji tunaifanya kwa gari za watu wanaotaka kioo kweli. Ila inataka awe na sehemu safi ya kupulizia kuliko aliyoitumia mara ya kwanza, la sivyo anarudisha ganda lilelile na vumbi lilelile juu ya klia nene zaidi, na klia ikizidi unene nayo inakuja kupasuka. Kwa alivyoeleza, taa inavunjikavunjika lakini gari inawaka, ningemwambia ajaribu buti kwanza kwa 1500. Buti likikubali gari yote itakubali. Likikataa ndo afikirie klia ya pili.

dada_wa_duka_la_rangi

Kaka yangu mimi nauza rangi na misasa Kariakoo, naomba niongeze mambo ambayo mafundi huwa wanayaruka.

La kwanza, ukienda kununua msasa ugeuze uangalie mgongoni kama kuna herufi P mbele ya namba. P1500 ya mfumo wa Ulaya na 1500 ya mfumo wa Marekani siyo kitu kimoja. P1500 inakaribiana na 800 ya Kimarekani, na P1200 inakaribiana na 600 yao. Wateja wangu wengi wanagombana na fundi kwamba msasa ulikwaruza sana au haukukata kabisa, kumbe kila mmoja ana mfumo wake. Nadhani hata huo ubishi wa 800 na wa 2000 uliousikia mtaani unaweza kuwa umeanzia hapo. Namba alizokupa fundi_puti zichukulie kwamba ni za P.

La pili, hakikisha ulichopulizia ni tuki kweli. Wapo wanaouziwa klia ya duko imefunguliwa kopo wanaambiwa ni ileile. Chukua kitambaa cheupe kilowe thina kidogo, sugua mahali pasipoonekana, ndani ya mlango hivi. Duko inayeyuka inanata kwenye kitambaa, tuki ikishakauka haijali. Duko inang'arishwa vizuri tu ila inakauka kwa thina kupaa, inaendelea kusinyaa kwa wiki nyingi, ukiikimbilia mapema inang'aa leo na baadae inafubaa.

La tatu ni hili ambalo linaniuma kweli. Hadina ya tuki ina kemikali inaitwa isosayaneti. Barakoa ya vumbi haizuii mvuke wake, hata ile ya kitambaa uliyofunga mara mbili haizuii. Ndiyo inayowapa mafundi wa rangi pumu, na ukishaipata pumu hiyo kila ukikaribia tuki hata kidogo kifua kinabana. Uingereza mamlaka yao ya usalama kazini, HSE, inataka mtu anayepulizia tuki avae barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka kwenye kompresa, siyo ya kichujio tu. Nimewaona mafundi wazuri sana wameacha kazi wakiwa bado vijana kwa sababu ya kifua. Kwa hiyo ukifikia uamuzi wa kupulizia klia nyingine kama alivyosema ndugu wa Nairobi, tafuta hiyo barakoa kwanza ndo ununue klia, na watoto wasicheze uani siku hiyo. Msasa wa maji una nafuu maana vumbi linabaki kwenye maji, usiupige mkavu.

mvita_bodi

Ndugu yangu, mimi niko Mombasa na hali ya hewa yetu na yenu ni moja, kwa hiyo nitakuambia la jua na la hizo fenda zako za faibaglasi.

Usifanye kazi hii juani. Anza asubuhi na mapema au ngoja jioni chuma kipoe, weka mkono kwenye boneti, kama unahisi joto acha. Juani maji yanakauka kabla hujayafuta, yanaacha chumvi, na ile kompaundi inakauka na kugandia kwenye rangi ukaja kuikwangua. Na maji ya kisima usiyatumie ikiwa yana mchanga au chumvi, chujio lako ni kitambaa safi mdomoni mwa ndoo. Badilisha maji kila unapobadilisha namba ya msasa, suuza na bloku pia. Chembe moja ya mchanga ikiingia chini ya 2000 inapiga mstari ambao 2000 haiwezi kuutoa.

Fenda sasa. Chuma kinachukua joto na kulisambaza, faibaglasi hailisambazi. Mashine ikikaa mahali pamoja kwenye bampa au fenda yako joto lote linabaki palepale kwenye rangi, kwa hiyo yale unayoyafanya kwenye boneti kwa kasi ya 1,500 huko fanya kwa kasi ya 1,000, pita haraka, gusa kwa mkono mara kwa mara. Na kile kipimo cha unene wa rangi cha sumaku kinachopimia magari ya mnadani hakisomi juu ya faibaglasi, usije ukaazima ukadhani fenda haina rangi. Tena angalia pale faibaglasi ilipoungana na bodi. Puti, ile ya kujazia mabonde, ikisinyaa inaacha mstari au wimbi dogo linaloonekana ukiinama pembeni. Wimbi hilo liko chini ya rangi, ukilipiga msasa unaimaliza klia juu ya mgongo wake na wimbi lenyewe haliondoki.

Kwenye kona na kingo zote, mikunjo ya mlango, ukingo wa tundu la boneti, bandika tepu ya karatasi. Klia ikiwa bado maji inakimbia kutoka kwenye kingo, hapo ndipo ilipo nyembamba kuliko pengine popote. Piga msasa mpaka kwenye tepu, piga mashine mpaka kwenye tepu, ukimaliza itoe na hicho kipande cha mwisho ukisugue kwa mkono na kompaundi kidogo.

fundi_puti

Mvita kamaliza. Mimi nirudi kwenye chozi maana sikulijibu.

Chozi ni nene kwa hiyo linachelewa kukauka ndani hata kama juu ni gumu. Libonye kwa kucha, likiacha alama liache siku nyingine kadhaa, ukilikata bichi linang'oka na kuacha shimo. Likiwa gumu zungushia tepu pande zote karibu kabisa na chozi, kulinda klia ya jirani. Chukua wembe mpya, ushike wima kwa vidole vya mikono miwili uukunje kidogo sana katikati, ukwangue kuelekea kwako taratibu, unatoa unga mweupe. Usikate kwa kulaza, unakwangua. Ukikaribia usawa wa tepu acha wembe, toa tepu, chukua kipande kidogo cha bloku ngumu, hata kipande cha mbao laini kilichonyooka, fungia 1500 umalizie juu ya chozi tu, alafu endelea 2000 pamoja na mlango wote. Mtu mwenye haraka anashika msasa kwa kidole anasugua chozi, mwisho wake chozi bado lipo na pembeni yake kuna mashimo mawili.

Kompaundi, nunua ya magari ya rangi ya tuki, Farécla, 3M, Meguiar's zote zipo mjini, ila usinunue polishi yenye silikoni kama kuna sehemu utapulizia tena, silikoni ikibaki rangi mpya inafunguka vitobo vitobo. Pedi ya sufu inakata haraka, ya sponji inamalizia. Weka kompaundi kidogo, ipake kwanza mashine ikiwa imezimwa, anza 600 kuisambaza alafu panda. Fanya eneo la nusu mita kwa nusu mita, mashine ilale bapa, isisimame. Pedi ikijaa isafishe, pedi chafu inakwaruza na inapandisha joto.

chuma_cha_mbezi

Wakuu na dada yangu ahsanteni sana. Nimepima kwa thina ni tuki kweli. Grainda imerudi kwao, mashine nimepata ya kukodi hapa Kimara yenye kuchagua kasi. Leo asubuhi nimeanza na buti kama alivyosema fundi, P1500 mpaka ganda likalala, maji meupe muda wote, alafu P2000 kwa kukatiza, alafu mashine na sufu. Wakuu sijui niseme nini, taa ya barazani inasimama kwenye buti ilivyo, hata waya wa balbu unauona. Nimeita watu wa nyumbani wote waje waone.

Ila nikiweka tochi ya simu naona mistari myembamba sana iliyonyooka upande mmoja wa buti, na kwenye jua naona miviringo inayotembea nikitembea. Nirudi 1500?

fundi_puti

Usirudi 1500 hata kidogo. Mistari iliyonyooka ni ya 1500 ambayo 2000 haikuimaliza upande huo, rudi na 2000 hapohapo tu, ukiwa na P3000 ifuatishe, alafu mashine tena. Miviringo ni ya pedi ya sufu, hiyo ni kawaida, inatoka kwa sponji na polishi laini kwa kasi ndogo. Kabla ya kusema imetoka ifute kwa spiriti iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, maana mafuta ya kompaundi yanajaza mikwaruzo inaonekana haipo, ukiosha gari mara mbili inarudi yote.

dxmazda_nrb

Maze buti imetoka fiti. Naondoa ile maneno ya klia ya pili, hiyo haihitaji. Labda bampa kama iko na ganda mbaya zaidi.

dada_wa_duka_la_rangi

Nta subiri kaka, watengenezaji wengi wa rangi wanasema mwezi mmoja mpaka miezi miwili, thina iliyobaki ndani ya klia bado inatoka taratibu na nta inaifungia. Kwa sasa osha kwa maji na shampuu ya gari tu, usipeleke kwa wale wa kuosha na sabuni ya unga. Pia usichelewe sana na panelo zilizobaki, tuki kadiri inavyokaa inazidi kuwa ngumu, msasa na kompaundi vinapata kazi kubwa zaidi ya leo.

Na kama bampa utalipulizia tena, lile ganda mara nyingi linatoka kwenye hewa ndogo, klia nzito, au thina ya kukauka haraka kwenye joto letu, matone yanafika yameanza kukauka hayapati muda wa kutandaa. Omba thina ya polepole, gani (bunduki ya kupulizia) ya HVLP, ile ya hewa nyingi kwa presha ndogo, ipe kama baa 2 ukiwa umeminya kifyatulio, umbali wa sentimita 15 mpaka 20. Jaribu kwanza kwenye bati kuukuu.

chuma_cha_mbezi

Sawa dada, thina ya polepole nakuja kuchukua. Milango naanza Jumamosi asubuhi, chozi nimelibonya kwa kucha bado linaacha alama kidogo kwa hiyo mlango wa dereva utakuwa wa mwisho. @mvita_bodi kwenye fenda ya kushoto ule mstari wa puti upo kweli, niuache?

mvita_bodi

Uache kwa sasa ndugu yangu, ulaze klia juu yake kwa 2000 peke yake na mashine kwa mkono mwepesi. Puti ikimaliza kusinyaa, baada ya miezi kadhaa ya jua, ndipo uifungue fenda hiyo moja uinyooshe upya mpaka kwenye ukingo wa mlango na uipulizie nzima. Ukiifungua leo itasinyaa tena.